Kukosa si hatia: mwanagenzi na hati yake ya majaribio

Neno kosa katika lugha yetu limebebeshwa mizigo miwili. Upo mzigo wa kutopata: mtu huenda dukani akakosa sukari, akarejea nyumbani mikono mitupu, na wala hapana mtu amlaumuye. Upo pia mzigo wa kutenda lisilofaa, ambao humlazimu mkosaji kuinamisha kichwa na kuomba radhi. Wanafunzi wetu wanaojifunza kuandika programu za tarakilishi wameielemea mno maana hii ya pili. Maandishi mekundu yanapojitokeza kwenye kiwambo, aghalabu huyafuta upesi kabla ya kuyasoma, mithili ya mtoto afichaye vigae vya chungu alichokivunja. Ilhali ujumbe wenyewe, lau ungesomwa, mara nyingi wasema jambo la maana ya kwanza: nimetafuta kitu fulani mahali fulani, nami nimekikosa.

Nayasema haya nikiiwazia hasa kazi moja ambayo wanagenzi hupewa mapema katika masomo haya, yaani kuandika hati ya kukijaribu kivinjari. Jambo hili si la wanafunzi wa vyuo vikuu pekee tena. Tangu mwaka 2022, taasisi ya KICD ilipoidhinisha mtaala wa kufunza uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili, mwalimu wa kawaida ameanza kuulizwa maswali ambayo zamani yaliwahusu wataalamu wachache mjini. Inafaa basi tuulizane ni jinsi gani tunavyomwongoza mtoto ambaye hati yake imekwama.

Hati ya aina hii ni orodha ya amri zilizoandikwa kwa lugha ya programu kama vile Python. Amri hizo hukifanya kivinjari kifungue ukurasa wa tovuti, kijaze jina na neno la siri na kubonyeza kitufe; kisha hati yenyewe hutazama iwapo jibu lililotarajiwa limetokea. Ni kazi ile ile ambayo mtu angeifanya kwa kipanya na kibodi, ila mtambo hauchoki wala hauruki hatua kwa kudhani kwamba mambo yangali yale ya jana. Tovuti inapofanyiwa mabadiliko kila wiki, hapana binadamu awezaye kuzipitia upya kurasa zake zote kila mara bila ya kupitiwa.

Chombo mashuhuri cha kazi hii ni Selenium, kilichoanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago. Jina lenyewe lina utani ndani yake. Wakati huo kampuni iliyotamba katika biashara ya vyombo vya majaribio ilikuwa na jina la Mercury, yaani zebaki, na seleniamu husifiwa kwa kupunguza makali ya sumu ya zebaki. Mwezi wa Juni 2018, shirika la W3C linalosimamia kanuni za mtandao liliipitisha rasmi lugha ambayo kwayo hati huzungumza na kivinjari. Nataja historia hii fupi ili mwanafunzi atambue kwamba chombo anachokishika kimekwisha kupita katika mikono mingi. Hati yake inapogoma siku ya kwanza, uwezekano kwamba chombo ndicho kibovu ni mdogo sana, na kukilaani ni kupoteza wakati.

Tumchukulie mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeagizwa kuujaribu ukurasa wa matokeo ya mtihani. Hati yake yaufungua ukurasa, yajaza nambari ya usajili na neno la siri, yabonyeza kitufe cha kuingia, kisha yalitafuta jedwali la alama. Hapo yakwama. Ujumbe wa mistari ishirini au thelathini wajitokeza, naye autazama mstari wa kwanza, ambao haumwambii lolote. Katika Python, mistari ya mwanzo hueleza njia ambayo hati ilipitia. Jina la kosa huandikwa chini yake, na chini zaidi huweza kufuata msururu wa tarakimu za kiendeshi zisizomhusu mwanagenzi hata kidogo. Anayoyahitaji ni mambo mawili tu katika msitu huo: nambari ya mstari uliokwama katika faili yake mwenyewe, na sentensi inayotaja ni kitu gani kilichokosekana. Hakuna aliyemfundisha kuyatafuta. Kwa hivyo amgeukia jirani yake, na jirani ampa dawa inayojulikana na kila mtu katika maabara: ongeza amri ya kulala, sekunde kumi. Aiongeza. Hati yapita. Mwalimu aja, aona alama ya kijani, atia vyema.

Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wengi. Mwanafunzi huyo hajajifunza lolote, na alama aliyopewa imemzawadia kwa kubahatisha. Muulize hati yake ililala ili kitokee nini, hatajua.

Ukweli ni kwamba dawa ile ilikuwa na chembe ya maana. Kurasa nyingi za siku hizi haziji zikiwa kamili; hutangulia umbo, halafu data huletwa kutoka kwa seva na kupangwa mahali pake. Hati nayo huzitimiza amri zake kwa kasi isiyo na huruma, na ikilitafuta jedwali kabla halijafika, italikosa. Lakini kulala si kungoja. Hati yenye mahali arobaini pa kulala sekunde kumi kumi hupoteza sekunde 400, yaani dakika sita na sekunde arobaini, hata siku ambayo kila ukurasa ulikuwa tayari kwa nusu sekunde. Na siku ambayo mtandao umezorota, jedwali likachukua sekunde kumi na moja, hati hushindwa vile vile licha ya usingizi wote huo.

Achemshaye maziwa hayaachi jikoni kwa dakika kumi kwa kuwa jirani alimwambia hivyo. Huyatazama hadi yafure. Selenium ina amri ya namna hiyo. Mwanafunzi huiambia hati: ngoja hadi jedwali la alama lionekane, lakini usipitishe sekunde kumi. Hati huchungulia kila nusu sekunde. Jedwali likitokea baada ya sekunde moja, huendelea papo hapo. Lisipotokea kabisa, husema wazi kwamba muda umekwisha. Uzuri wa amri hii ni kwamba humlazimisha mwandishi kukitaja kile anachokingojea, na hauwezi kukitaja kitu usichokielewa. Kuna pia agizo la ungojaji wa jumla, linalotolewa mara moja kwa hati nzima, ambalo wanagenzi hupenda kulichanganya na hilo la kwanza. Maelekezo ya Selenium yenyewe yanaonya dhidi ya mchanganyiko huo: ungojaji wa jumla wa sekunde kumi ukichanganywa na ule maalumu wa sekunde kumi na tano, hati huweza kukwama kwa sekunde ishirini, idadi ambayo mwandishi hakuiandika popote.

Sasa tuseme hati imengoja inavyopasa na bado jedwali halikuonekana. Huu ndio wakati ambapo mwanagenzi aliyezoea dawa ya usingizi huongeza sekunde zikawa thelathini, halafu sitini. Ni sawa na daktari anayempa kila mwenye homa dawa ya malaria bila ya kumpima damu. Homa ni moja kwa nje, lakini magonjwa yake ni mengi.

Kipimo cha kwanza ni kujua hati ilikuwa wapi ilipokwama. Kabla ya mstari ule ulioshindwa, mwanafunzi aiamuru hati iandike kichwa cha ukurasa ilipo, iandike anwani yake, kisha ikipige picha kiwambo na kuihifadhi. Ni amri tatu fupi. Mara nyingi ajabu, picha huonyesha kwamba hati haijaondoka hata kidogo kwenye ukurasa wa kuingilia: neno la siri lilikuwa na herufi moja isiyofaa, na tovuti imesema hivyo kwa maandishi makubwa ambayo hakuna aliyeyatazama. Kumbe jedwali halikuchelewa. Halikuwa na sababu ya kuja.

Ikiwa picha yaonyesha jedwali lipo waziwazi, basi ni lazima kukichunguza kivinjari chenyewe. Katika vivinjari vingi mtu akibonyeza F12 hupata kidirisha cha kuyatazamia maandishi ya ndani ya ukurasa, na humo aweza kulitafuta lile jina ambalo hati yake inalitumia. Asipolipata popote, huenda aliandika alama kwa herufi ndogo ilhali mtunzi wa tovuti aliandika Alama kwa herufi kubwa. Au huenda jina hilo hutungwa upya kila ukurasa ufunguliwapo, likiwa na tarakimu za leo ambazo si za jana. Katika hali hiyo yafaa kutafuta alama nyingine iliyo imara zaidi. Akilipata mara tatu, akumbuke kwamba hati hukichukua cha kwanza, nacho chaweza kuwa kimefichwa mahali ambapo jicho halikioni.

Lipo na jambo jingine linalowachanganya hata watu wazima katika kazi hii. Jedwali huweza kukaa ndani ya fremu, yaani ukurasa uliopachikwa ndani ya ukurasa mwingine. Jicho la binadamu halioni mpaka wowote, lakini hati husimama mlangoni hadi iamriwe kuingia. Vivyo hivyo kitufe kikifungua dirisha jipya, mtu hulifuata bila ya kufikiri, ilhali hati husalia katika dirisha la zamani ikitafuta kitu kisichokuwamo. Hali zote hizi nilizozitaja, kuanzia neno la siri hadi dirisha jipya, zaweza kuleta ujumbe ule ule mmoja wa kipengele kutopatikana. Anayejua hivyo haoni aibu akiupata ujumbe huo. Ana maswali ya kuuliza.

Makosa mengine yana jumbe zake, na hayahitaji maneno mengi. Ukiambiwa kwamba ubonyezaji umezuiwa, kuna kitu kilichokaa juu ya kitufe, labda kile kidirisha cha kuomba idhini ya kuhifadhi vidakuzi. Mara nyingi ujumbe hukitaja kizuizi chenyewe kwa jina. Ukiambiwa kwamba kipengele kimechakaa, ukurasa umechorwa upya baada ya hati kukishika, nawe huna budi kukitafuta tena. Kivinjari kikifunguka na kufungika kufumba na kufumbua bila ya ujumbe wowote, huenda hakuna kosa lolote: hati imemaliza kazi yake na kuondoka.

Yapo pia makosa ambayo mwanafunzi hakuyatenda hata chembe. Masomo mengi ya zamani hufundisha amri za kutafuta vipengele ambazo ziliondolewa katika toleo la 4.3 mwaka 2022, na mwanafunzi anakiliye somo hilo neno kwa neno huambiwa kwamba amri yake haipo. Chrome nayo hutoa toleo jipya kila baada ya wiki chache, na zamani ilimpasa mtu kutafuta mwenyewe kiendeshi kinacholingana nalo. Toleo la 4.6 la Selenium, lililotoka Novemba 2022, lilikuja na msaidizi wa kukitafuta kiendeshi hicho bila ya kuagizwa. Maabara ambazo hazijaiondoa Selenium ya kale zinaendelea kuwatesa wanafunzi kwa ugonjwa ambao dawa yake ilipatikana.

Nimeueleza wekundu kwa kirefu, lakini naogopa zaidi kijani cha uongo. Mwanafunzi aliyechoshwa na makosa hujifunza hila ya kuyameza: huiamuru hati iendelee kama kwamba hakuna lililotokea. Mwingine huandika hati inayofungua, kujaza na kubonyeza, kisha inaishia hapo bila ya kuuliza iwapo matokeo ni sahihi. Hati kama hizo hupita kila siku, hata tovuti ikiwa imeharibika kabisa. Ni walinzi waliolala langoni wakiwa wamevaa sare.

Twajua gharama ya mambo yasiyojaribiwa barabara. Katika uchaguzi wa Machi 2013 Wakenya walioketi mbele ya televisheni waliziona kura zilizokataliwa zikiongezeka kwa namna isiyoaminika, kabla ya tume ya uchaguzi kueleza kwamba kasoro katika programu ilikuwa ikizizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa kura 108,975. Mwaka huo huo huko Marekani, tovuti ya serikali ya kuwaandikisha watu bima ya afya ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba, na hati zilizofikishwa mbele ya Bunge zilionyesha kwamba siku ya kwanza walifaulu kujiandikisha watu sita. Wakandarasi walieleza mbele ya kamati ya Bunge kwamba majaribio ya kuupima mfumo wote kutoka mwanzo hadi mwisho yalifanywa katika wiki mbili za mwisho tu. Hao hawakuwa wanagenzi. Lakini mazoea ya kuridhika na kijani bila ya kuuliza kinathibitisha nini huanzia mahali fulani, na sioni mahali pengine isipokuwa darasani.

Kwa sababu hiyo naona hati ya mwanafunzi isikubaliwe kabla haijaonekana ikishindwa. Ikiwa yatarajia alama 67, mwalimu amwambie aandike 76 na kuiendesha tena. Hati ikiwa nyekundu, inatazama kweli. Ikibaki ya kijani, haikuwa ikijaribu chochote, na heri ajue leo.

Najua jibu nitakalopewa. Madarasa yamejaa, tarakilishi moja hushirikiwa na wanafunzi watatu au wanne, kipindi ni kifupi, na mtahini ataka kuona programu inayofanya kazi. Mwalimu aliye na wanafunzi hamsini hana nafasi ya kuketi na kila mmoja kuichambua homa yake. Hoja hiyo ni nzito wala siipuuzi. Ila naona kwamba ni amri ya kulala ndiyo inayomrundikia mwalimu kazi, kwa kuwa mwanafunzi aliyepewa dawa bila ya kipimo atarudi kesho na homa nyingine. Mwalimu aweza kuomba mistari mitatu ya maandishi pamoja na kila hati: ujumbe ulisema nini, ulidhani sababu ni nini, na ulithibitishaje. Mistari hiyo husomeka kwa nusu dakika, nayo ipewe alama hata kama hati yenyewe haijapita. Wanafunzi watatu kwenye tarakilishi moja si hasara tupu katika kazi hii, maana mmoja huandika, mwingine husoma ujumbe kwa sauti, wa tatu hukisia sababu.

Mazoea hayo yangesaidia pia katika kuomba msaada. Mwanafunzi husema, Mwalimu, hati yangu haifanyi kazi, kisha hunyamaza, kama mgonjwa anayemwambia daktari kwamba yeye ni mgonjwa. Siku hizi wengi hawamwendei mwalimu kabisa. Huipa programu ya akili mnemba hati nzima na kupokea hati nyingine nzima. Sina ugomvi na msaidizi huyo, ila naye haujui ukurasa ulivyokuwa wakati hati ilipokwama, na huweza kuzirudia amri zile zilizoondolewa mwaka 2022. Ukimpelekea ujumbe wa kosa, anwani ya ukurasa na kipande cha maandishi ya ndani yake, atakufaa. Ukimpelekea malalamiko, atabahatisha kama jirani yako alivyobahatisha.

Limebaki suala la shule ambazo intaneti yake hukatika au haipo. Hilo lisiwe kisingizio, kwani kivinjari chaweza kujaribiwa kwa ukurasa uliohifadhiwa ndani ya tarakilishi yenyewe. Mtandao huhitajika mara ya kwanza tu, ili Selenium iingizwe na kiendeshi kiletwe, nacho huhifadhiwa humo kwa matumizi ya baadaye. Mwalimu aandike ukurasa mmoja wenye kitufe ambacho kikibonyezwa jedwali hutokea baada ya sekunde tatu. Juu ya kitufe hicho aweke kidirisha cha idhini ambacho lazima kifungwe kwanza, na jedwali jingine alifiche katika fremu. Darasa zima litakutana na kuzuiwa, kuchelewa na fremu katika kipindi kimoja, kila kundi kwa mpangilio wake. Ukurasa wenyewe hauhitaji zaidi ya mistari thelathini, na wanafunzi wa kidato cha juu wanaweza kuwaandikia wenzao wa chini.